Risachi katikati ya ugomvi wa watu: fanya hivi, na usijidanganye kwamba huna upande

Kila msimu wa wanafunzi kwenda fildi simu yangu inajaa meseji za aina moja. Kaka habari, naenda kufanya risachi ya mgogoro wa ardhi, supavaiza kasema nisiwe na upande, sasa huko kutokuwa na upande kunafanywaje? Wengine ni wa bomba la mafuta, wengine wavuvi na askari, mmoja alikuwa anasoma ugomvi wa waumini na pasta wao kuhusu kiwanja cha kanisa, huyo nilimuonea huruma kuliko wote.

Jibu langu huwa linawakera. Hautaweza kukosa upande kwa sababu si wewe unayeuchagua, watu unaowakuta ndio wanakupangia, na mara nyingi wanakupangia kabla hujamaliza salamu. Unachoweza ni kujua umewekwa wapi, kusogea pale inapowezekana, halafu ukiandika useme ulisimama wapi. Hiyo ni kazi ya mikono kabisa, ina namna yake, na ndiyo nataka nieleze hapa.

Mimi nilifundishwa na salamu. Nilikuwa mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, wa Ziwa Albert huku kwetu Uganda mpakani na Kongo, miaka michache baada ya jeshi kupelekwa kwenye maziwa mwaka 2017 kukomesha uvuvi wa samaki wachanga. Lugha za pale ni Kialur na Kigungu, Kialur changu ni cha kuombea maji tu, Kigungu sina kabisa, kwa hiyo nikaona Kiswahili ndio salama, si ndio lugha ya watu wote? Nikasema hamjambo wazee, habari za kazi. Vijana wawili wakainuka taratibu wakasukuma kitu chini ya mtumbwi na mzee mmoja akanijibu bila hata kuniangalia usoni, "Hapa hakuna nyavu mbaya, afande." Afande! Mimi niliyevaa ndala na kubeba begi la shule. Nikatembea kama hatua sitini mbele, nikawakuta akina mama Wakongo wanakausha samaki, salamu ileile, sauti ileile, wakacheka, "Papa, karibu, ikala," nikapewa kigoda, na kwa saa mbili nikasikia yote ambayo askari wamewahi kufanya pale tangu wafike. Yaani sijauliza swali hata moja na nishakuwa mwanajeshi kwa hawa na ndugu kwa wale.

Kwa msomaji wa Dar au Mombasa hii inaweza kuwa ngeni lakini kwetu Uganda Kiswahili kina kesi yake. Ni lugha ya jeshi tangu mkoloni, gavana Gowers alitaka kukipandisha mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakipinga kwa maandishi mwaka 1929, Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 (hapo hakukisaidia hata kidogo), na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi, lakini ukifika Luweero, palipoumizwa na vita vya miaka ya 1980, ukamuamkia mzee kwa Kiswahili bado anaweza kuangalia viatu vyako kwanza. Kwa hiyo hatua ya mwanzo kabisa, kabla ya dodoso, kabla ya yote: jiulize lugha utakayofungulia mazungumzo ni ya nani pale. Tafuta mkalimani, na mkalimani naye muulize ni mtoto wa nani, ana mtumbwi, ana shamba kwenye njia ya bomba, kaka yake ni nani kwenye kamati. Mkalimani wa upande mmoja atakutafsiria vizuri sana maneno ya upande wake na ya upande wa pili atakupa kwa ufupi.

Kabla hujapanda takisi

Kaa chini uandike unachoamini. Si kwa ajili ya supavaiza, kwa ajili yako. Karatasi moja tu: nadhani nani ana makosa hapa, nadhani nini kilitokea, nikisikia nini nitashangaa. Weka tarehe, ifunge kwenye bahasha au jitumie kwa imeli. Ukirudi fildi baada ya miezi mitatu ifungue. Kama kila ulichokiandika kimethibitika na hakuna kilichokushangaza, basi pengine hukufanya utafiti, ulienda kukusanya sahihi. Yangu ya Ziwa Albert ilisema askari ni wabaya na wavuvi ni wanyonge, mwisho. Sikuwa nimewaza kwamba kuna wavuvi wenyewe waliopiga simu kuita askari, wenye mitumbwi mikubwa waliochoka kuona wenzao wanavua sangara wa ukubwa wa kiganja.

Halafu karatasi za ruhusa. Unajua mlolongo, kamati ya maadili, kibali cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), barua kwa RDC (mkuu wa wilaya), kisha mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Fuata, hamna njia ya mkato na usidanganywe na mtu kwamba utapita tu. Ila elewa kila muhuri unasema nini kwa anayeuona. RDC anateuliwa na rais, kwa hiyo ukifika kijijini kwenye ugomvi kati ya wanakijiji na serikali ukiwa umeshika barua ya RDC, kwa wao wewe ni mtu wa serikali na barua yako ndiyo ushahidi. Sisemi usiionyeshe, lazima uionyeshe kwa wanaotakiwa kuiona. Ninachofanya siku hizi ni kwamba nikitoka kwa mwenyekiti siku hiyohiyo naenda kwa mtu ambaye kila mtu anajua hapatani na mwenyekiti, nakunywa chai kwake mahali pa wazi, watu wapite waone. Na kwenye daftari naandika nani nilimuona wa kwanza, wa pili, wa tatu, maana huo mpangilio utaelezea mambo mengi baadaye kuliko unavyofikiri.

Usafiri hivyohivyo. Gari la NGO lenye nembo mlangoni lishamaliza mazungumzo. Lifti ya gari la kampuni ni mbaya zaidi. Panda boda, na hata boda angalia, kuna stendi nyingine madereva wake wote ni vijana wa mheshimiwa fulani. Pesa za utafiti zimetoka wapi, sema mwenyewe kabla hujaulizwa, kwa sababu wataulizana wao kwa wao na jibu watakalolipata litakuwa baya kuliko la kweli. Mwaka 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta, kila mtu aliyeonekana na daftari kule Hoima au Buliisa, wilaya zenye mafuta, akaanza kuitwa wakala wa Wazungu, na wengine walikuwa ni wanafunzi wa digrii ya kwanza waliokopa nauli kwa shangazi.

Maneno ya dodoso

Hapa ndipo wengi wanaanguka na hawajui kwamba wameanguka. Neno lolote la mgogoro lishachukuliwa na mtu. Ukisema "wavuvi haramu" ushahukumu, ukisema "wavuvi wadogo" ushatetea. "Wavamizi" na "wenyeji" ni watu walewale. Hata "fidia", ambalo linaonekana neno la upole, lina kitu ndani, ukimuuliza mtu kama ameridhika na fidia umeshakubali kwa niaba yake kwamba ardhi inaondoka na kilichobaki ni bei tu. Mzee anayesema mimi sikutaka kuuza hana mahali pa kuweka alama kwenye fomu yako.

Dawa yake ni kuanza na swali lisilo na jina la kitu. Ilianzaje? Kisha kaa kimya, na ninamaanisha kimya, usitingishe kichwa kama pasta. Mwache atumie maneno yake, yaandike kama alivyoyasema, na umuulize maswali yanayofuata kwa maneno hayohayo. Ukienda kwa upande wa pili tumia ya kwao. Kwenye ripoti chagua neno moja, eleza kwa nini, na usijifanye neno hilo limeshuka kutoka mbinguni.

Jambo jingine kwenye maswali, tenganisha aina. Kuna swali la kupima, kuna la sheria, kuna la thamani. Bomba hilo la mafuta ghafi, EACOP kwa kifupi, lina kilomita 1,443 kutoka Kabaale kule Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania, kilomita 296 ziko Uganda, na linapashwa moto kwa sababu mafuta yetu ni mazito yana nta, yakipoa yanaganda. Hayo hayana upande, usije ukaandika "wengine wanadai linapashwa moto" ili uonekane mtu wa haki. Katiba ya 1995 ibara ya 26 inataka fidia iwe ya haki, ya kutosha, na ilipwe mapema kabla mali haijachukuliwa, hilo nalo liko kwenye maandishi, unachouliza ni kama lilifuatwa na unaweza kuhesabu siku. Ila kama kaburi la bibi lina bei, au kama ajira za vijana wa Hoima zinafuta huzuni ya familia moja ya Buliisa, hapo hakuna futi ya kupimia, hapo ndio unatakiwa usikilize kila mtu na uache kugawa alama. Watu wengi wanaosema wamekaa katikati wanachanganya haya matatu, wanapoa pale penye ukweli wa kupimika na wanapata moto pale ambapo ni thamani tu.

Kipimo kimoja kwa wote, na mahali kinapokatikia

Mwaka 1976 David Bloor, msomi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitoa kanuni ambayo wanaosoma migogoro ya sayansi wanaitumia mpaka leo, kwamba imani ya kweli na imani ya uongo zote zielezwe kwa sababu za aina moja. Kwa lugha ya mwalo ni hivi: kama unasema wavuvi wanawachukia askari kwa sababu ya tumbo, basi uliza na askari wanaifurahia kazi hii kwa sababu ya nini, wanapata nini, wanaogopa nani. Usiwape hawa sababu za tumbo na wale sababu za akili. Ni kanuni nzuri sana, ibandike ukutani. Mimi nilipopitia maandishi ya rekodi zangu nilikuta kwa wavuvi nilikuwa nauliza "uliona nini?" na kwa maafisa nauliza "kwa nini mlifanya?", yaani mmoja shahidi, mwingine mshtakiwa, na sikuwa nimegundua kabisa wakati naongea nao.

Lakini kanuni ina shimo. Mwaka 1990 watu watatu wa chuo cha Wollongong kule Australia, Pam Scott, Evelleen Richards na Brian Martin, waliandika kwamba ukizipima pande mbili sawa wakati moja tayari ina heshima na nyingine inadharauliwa, anayefaidi ni yule anayedharauliwa, umempandisha kwa kumuweka tu kwenye meza moja na mkubwa. Wao walikuwa wamesoma ugomvi wa kutia floridi kwenye maji ya kunywa na ule wa kutibu saratani kwa vitamini C, wakaona kila mara upande mdogo unamkumbatia mtafiti na upande mkubwa unamtilia shaka. Mtafiti anatekwa, apende asipende.

Ukishasoma hilo huwezi kulisahau maana utaliona kila siku. Mnyonge anakuchinjia kuku. Mwenye nguvu anakuambia njoo wiki ijayo. Mimi mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na zaidi ya saa thelathini za wavuvi na dakika arobaini za ofisini, nusu yake mtu ananisomea karatasi ambayo ningeweza kuisoma mwenyewe. Na wale wa saa thelathini nishakula kwao, najua watoto wao, mmoja kaniita mkwe. Unafikiri nikiandika nitaandika kama nani?

Kwa hiyo hesabu dakika. Kweli kabisa, chora safu mbili nyuma ya daftari na kila jioni andika umekaa na nani kwa muda gani na umekula nini chao. Ukiona mizani imelala usianze kuwakwepa wanaokupenda, hiyo ni tabia mbaya na kijiji kitakuchukia, badala yake tafuta watu wa chini wa upande wenye nguvu. Msemaji hatakwambia kitu. Lakini kuna askari aliye likizo, karani wa kiwanda cha samaki, dereva wa afisa, mke wa dereva. Hao nao wana hofu zao, wengi hawakuchagua kupelekwa ziwani, na hakuna mtu anayewauliza chochote. Intavyu yangu bora kuliko zote ilikuwa na kijana wa jeshi aliyetoka Teso, tukila chapati, aliniambia kuchoma mtumbwi siku ya kwanza kulimnyima usingizi na siku ya kumi alikuwa anachoma huku anaongea na simu.

Sasa kuna mtu atasema basi afadhali niseme wazi niko upande gani na yaishe. Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, aliuliza mwaka 1967 sisi tuko upande wa nani, na alieleza vizuri jinsi jamii inavyowaamini wakubwa kwanza, kwamba neno la aliye juu linachukuliwa kuwa kweli na la aliye chini linahitaji ushahidi. Hapo yuko sawa, nenda kaliangalie faili lolote la wilaya. Ila kukiri upande peke yake hakutoshi, na mfano wa hilo uko kwetu hapahapa.

Colin Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Waik, kabila dogo la kule milimani Karamoja karibu na Kidepo katikati ya miaka ya 1960. Aliwakuta kwenye njaa kali, na bonde walilokuwa wanawinda lilishafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Kitabu chake cha 1972 kiliwachora kama watu waliokwisha upendo, wanaocheka mtoto akiungua, wanaomnyang'anya mzee chakula mdomoni. Na hakuficha kitu! Alisema wazi kwamba aliwachukia, akafika mpaka kupendekeza serikali iwakusanye na kuwatawanya kwenye vikundi vidogo ili utamaduni wao ufe. Upande wake uliandikwa mchana kweupe. Kisha Bernd Heine, Mjerumani mtaalamu wa lugha, akaenda kuishi nao, na mwaka 1985 akaandika kwamba hawa si watu aliowasoma kwenye kile kitabu, lugha yao Turnbull hakuijua vya kutosha, na baadhi ya watu aliowategemea hawakuwa Waik kabisa. Mwaka 2020 watafiti wengine wakachapisha matokeo ya mchezo wa kugawana pesa walioucheza na Waik, wakawa wakarimu kama binadamu wengine popote. Turnbull aliiona njaa akaiandika kama kabila. Angeweza kukiri chuki yake kwenye kila ukurasa na bado asingegundua hilo, kwa sababu kilichokosekana ni mtu wa kumwambia umemuuliza nani, kwa lugha gani, na mwaka gani.

Ndio maana nasema dakika, mkalimani, mpangilio wa kukutana, vitu vidogo vidogo hivyo. Mtu mwingine akiviona anaweza kukukamata umekosea wapi, lakini ukimpa hisia zako tu atakupa pole.

Ukishaanza kuandika

Majina ya watu usiyafiche kwa usawa. Najua inasikika kinyume na yote niliyosema. Mvuvi akitambulika anaweza kukosa mtumbwi wake, afisa akitambulika pengine atahamishwa, na bosi wa kampuni hata hatajua kwamba umeandika. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamlinda kila mtu na uifuate kwa kila mtu, lakini juu ya hapo mnyonge mfiche zaidi, badilisha mwalo, badilisha umri, unganisha watu wawili wawe mmoja kama hakuna kinachoharibika, halafu sema kwamba umefanya hivyo.

Aliyepigwa amepigwa. Kama umeona kovu, una karatasi ya kliniki na mashahidi watatu wasiofahamiana, usiandike "inadaiwa" mpaka mwisho wa dunia ili tu upande wa pili usinune. Andika umeona nini na nani hakutaka kujibu.

Drafti irudishe kwa pande zote mbili, kurasa mbili za lugha wanayosoma, na waachie wiki mbili. Watakupigia. Wapo wanaosema ukiona wote wamekasirika ujue umetenda haki, mimi siamini, unaweza kukasirisha wote kwa kuandika upuuzi. Sikiliza wamekasirikia nini. Akisema umekosea tarehe, rekebisha. Akisema "sisi hatukusema hivyo", rudi kwenye rekodi. Akisema "kwa nini umewapa hao wengine nafasi", mshukuru na uendelee.

Na ile aya ya kusema wewe ni nani usiijaze falsafa, ijaze vitu. Yangu ya Ziwa Albert ilikuwa hivi: "Mtafiti ni Mganda asiyetoka eneo hili, anazungumza Kiswahili, jambo lililofanya wavuvi wa mwalo wa kwanza wamdhanie askari na Wakongo wa mwalo uleule wamkaribishe. Alifika na barua ya RDC. Alilala kwa mwenye mitumbwi minne. Alizungumza na wavuvi kwa saa 34 na watu wa jeshi na ofisi kwa saa 6, nyingi kati ya hizo katika mwezi wa mwisho. Mkalimani wa Kialur alikuwa na ndugu aliyechomewa nyavu. Alipewa samaki mara nyingi, hakuhesabu." Supavaiza alikata yote akaacha sentensi ya kwanza, akasema haya mengine ni umbea. Nikayarudisha kwenye kiambatisho.